Kondomu Imepasuka Ijumaa Usiku: Mwongozo Kamili wa Saa 72 kwa Mwanachuo

Boom, fedha ya mkopo wa wanafunzi, likishaingia, najua Jumanne yake itakuwaje pale kliniki. Mlango unafunguliwa taratibu, anaingia kijana kofia imeshushwa hadi machoni, anakaa kwenye ncha ya kiti. Swali langu la kwanza ni moja tu: "Ilikuwa siku gani, saa ngapi?" Akishajibu, mara nyingi mimi ndiye ninayeishiwa maneno, kwa sababu saa zimeshapita.

Si kwamba alikaa bure. Jumamosi alizunguka maduka ya dawa akitafuta P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Jumapili rafiki yake alimpa azuma, dawa ya bakteria. Jumatatu alinunua kipimo cha kujipima VVU, kikaonyesha mstari mmoja, akalala kwa amani. Jumanne moyo umekataa kutulia, ndipo anakuja kwangu. Amefanya mambo matatu, na lile moja ambalo lingemkinga na VVU hakulifanya: kuanza PEP, dawa kinga zinazomezwa baada ya tukio, kabla ya saa 72 kwisha.

Vijana wetu wa vyuo wanaogopa mimba kuliko VVU. Nasema hivi bila kumlaumu mtu: mimba inaonekana, inakatisha masomo, inafika nyumbani kwa wazazi. Virusi havina haraka ya kuonekana. Hofu ya mimba inakula saa za mwanzo, na saa hizo ndizo zenye thamani kuliko zote.

Mwongozo huu ni kwa yeyote ambaye kondomu ilipasuka au kuchomoka, aliyekwenda peku na mtu asiyejua hali yake, aliyelazimishwa, au aliyechangia sindano. Kama tukio lako ni la leo au jana, anza na hatua ya 1 na ya 4 sasa hivi. Mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

## Vitu vya kuwa navyo

Usikae chumbani kuvitafuta vyote. Ukikosa kimoja, nenda bila hicho.

- Simu yenye chaji. Utahitaji saa, kengele na namba ya kituo.
- Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na fedha kidogo ya kadi. Dawa zenyewe za VVU hutolewa bure katika vituo vya serikali, ila unaweza kudaiwa fedha ya kufungua jalada au ya vipimo vingine. Kama una kadi ya bima, ibebe.
- Kitambulisho chochote. Huna? Usirudi nyuma kwa sababu hiyo.
- Orodha ya dawa unazotumia: za kifafa, kifua kikuu, kisukari, vidonda vya tumbo, hata za kuongeza damu. Piga picha makopo yake.
- Mtu mmoja unayemwamini. Mmoja tu. Kundi la chumba kizima litakupotezea muda kwa ushauri.

Kibali cha mzazi hakihitajiki. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 ilivyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu mtu kuanzia miaka 15 kupimwa VVU kwa ridhaa yake mwenyewe, na sheria hiyohiyo inalinda siri ya mgonjwa. Mhudumu hana ruhusa ya kumpigia baba yako wala mshauri wa wanafunzi.

## Hatua ya 1: Andika saa ya tukio

Fungua simu, andika siku na saa. Kisha hesabu saa 72 mbele, uandike pia siku na saa ya mwisho.

Tuseme ilikuwa Ijumaa saa tano usiku. Saa 24 zinaisha Jumamosi saa tano usiku. Saa 72 zinaisha Jumatatu saa tano usiku. Sasa angalia mtego ulipo: CTC nyingi, yaani kliniki za huduma na tiba ya VVU, hufungwa mwisho wa wiki. Ukisema "nitasubiri Jumatatu asubuhi wafungue", ikifika saa mbili asubuhi umeshatumia saa 57. Foleni ikiwa ndefu, au ukatumwa kituo kingine, umekwisha.

Sababu ya haraka hii ni mwendo wa kirusi chenyewe. Kikishapita kwenye ngozi laini ya uke, uume au njia ya haja kubwa, kinabebwa na seli za kinga hadi kwenye tezi, na huko ndiko kinakojichimbia. Safari hiyo huchukua siku mbili tatu. Dawa za PEP hukikuta kikiwa njiani na kukizuia kisizaliane. Kikishaingia kwenye vinasaba vya seli zako, PEP haikitoi tena.

Kwa hiyo 72 ni mlango wa mwisho kufungwa. Lengo lako liwe ndani ya saa 24, na ukiweza saa mbili, usisubiri ya tatu.

Umefanikiwa ikiwa: una saa mbili zimeandikwa kwenye simu, ya tukio na ya mwisho.

## Hatua ya 2: Osha nje, usiguse ndani

Kojoa. Osha sehemu za nje kwa maji ya kawaida. Basi.

Usijioshe ndani kwa sabuni, maji ya limao, chumvi, wala dawa ya kuulia vijidudu ya dukani. Dada zangu, hili linawaumiza wengi. Ngozi ya ndani ni laini, na kuisugua kwa kemikali huichubua, ukaacha mlango wazi zaidi kwa kirusi kuliko ulivyokuwa mwanzo. Maji ya kusukuma ndani hayaoshi virusi.

Kama ulilazimishwa, ruka hatua hii kabisa. Usioge, usifue nguo. Soma sehemu yako hapa chini, baada ya hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Jua ukubwa wa hatari, lakini usiwe hakimu wa kesi yako

Watu hutaka kujua: "Mara moja tu inaambukiza?" Inaweza.

Kwa makadirio yanayotumiwa sana, tendo moja bila kinga na mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa lina hatari ya takribani mara 8 katika matendo 10,000 kwa mwanamke anayepokea ukeni, takribani 4 kwa mwanaume, na takribani 138 kwa anayepokea kwa njia ya haja kubwa. Kuchangia sindano ni takribani 63. Kwa mdomo hatari ni ndogo sana.

Najua mwenye kusoma 8 katika 10,000 anaweza kuifunga simu hapohapo. Subiri kwanza. Hizo ni wastani. Mwenzako akiwa ameambukizwa wiki chache tu zilizopita, virusi vyake viko juu sana kuliko wastani, naye hana dalili wala habari. Mmoja wenu akiwa na kidonda, kaswende, kisonono au michubuko, hatari inapanda. Na "mara moja" ya mwanachuo huwa si moja; ni moja ya usiku ule, na nyingine alfajiri.

Kisha kuna lile jibu ninaloletewa kila siku: "Ameniambia yuko safi." Huenda hakudanganya. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022/2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU Tanzania, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali yao. Maana yake, karibu mtu mmoja kati ya sita hajui. Mtu asiyejua hukujibu kwa moyo mweupe kabisa.

Unene, usafi, gari na umri havipimi kitu. Mubaba anayelipa kodi ya geto lako si salama kwa sababu ana heshima zake, na dogo wa mwaka wa kwanza si salama kwa sababu ni mdogo.

Kuna hali moja inayobadilisha hesabu. Kama mwenzako anajulikana kuwa na VVU, anameza ARV, dawa za VVU, kila siku na kipimo kimeonyesha virusi vyake vimefubaa hadi havionekani, haambukizi kwa ngono. Huo ni ukweli wa kisayansi, na heshima kwa wote wanaomeza dawa zao. Hata hivyo nenda, ueleze hivyohivyo, mhudumu aamue nawe.

Onyo: usipoteze siku nzima kumbembeleza mwenzako akapime. Akikubali, vizuri, njooni wote. Akikataa au asipokee simu, wewe ondoka. Na akijipima kwa kipimo cha mate kikaonyesha hana, hilo halifungi mjadala, kwa sababu mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuonyesha hana.

## Hatua ya 4: Nenda hospitali, si duka la dawa

Hapa ndipo saa nyingi hufia.

Duka la dawa litakupa P2, na P2 ina kazi yake: kuzuia mimba, na inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema. Kwa VVU haina lolote. Azuma, doksi na flajili ni dawa za bakteria na vijidudu vingine, nazo kwa kirusi ni sawa na maji. Vipimo vya kujipima navyo vinasoma kingamwili ambazo mwili wako haujaanza hata kuzitengeneza. Ukijipima asubuhi ya pili yake, kipimo kinakueleza habari za miezi iliyopita, si za jana.

Nenda hapa, kwa mpangilio huu:

1. Siku ya kazi, mchana: CTC ya kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, au zahanati ya chuo kama ina huduma ya VVU. Piga simu kwanza kama una namba.
2. Usiku, Jumamosi, Jumapili au sikukuu: kitengo cha dharura cha hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Hazifungwi. Kwa Dar es Salaam kuna Mwananyamala, Amana na Temeke; Mwanza kuna Sekou Toure; Arusha kuna Mount Meru. Waliopo Chuo Kikuu cha Dodoma wana Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani kabisa. Omba uanzishiwe dozi za mwanzo hapo dharura, halafu Jumatatu ukamalizie taratibu CTC.
3. Umekwama kujua pa kwenda: piga 199, namba ya Wizara ya Afya, uulize kituo cha karibu chenye PEP.

Kituo kimoja kikikwambia dawa hakina, usirudi hosteli. Uliza hapohapo: "Niende wapi leo?" Nimewahi kumpokea binti aliyefika mahali mapema kabisa, saa ya 20, akaambiwa arudi kesho kwa sababu mwenye ufunguo wa kabati hayupo. Akarudi kesho, akaambiwa tena kesho. Aliponifikia alikuwa saa ya 79. Yule binti hakuzembea. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba ana haki ya kwenda kwingine siku ileile.

Onyo la chumbani: usimeze ARV za ndugu au rafiki ukidhani unajiwahi. Hujui ni mchanganyiko gani, hujui kama figo zako zinauweza, na kila kidonge unachochukua ni siku moja ambayo mwenye dawa ataruka.

## Hatua ya 5: Maneno ya kusema mapokezi

Wengi hugeukia mlangoni. Wamefika, wamepanga foleni, halafu mtu wa mapokezi anauliza kwa sauti, "Unaumwa nini?" na nyuma kuna wamama kumi na mwanafunzi wa darasa lenu. Wanasema "kichwa", wanapewa panadoli, wanaondoka.

Ujifunze sentensi hii kabla hujafika: "Shikamoo. Nina jambo la dharura la siri, naomba nionane na daktari au mshauri nasaha." Hakuna anayehitaji zaidi ya hapo dirishani. Ukishindwa hata kuitamka, iandike kwenye simu umwonyeshe.

Ukiwa ndani na mlango umefungwa, sema yote bila kuzunguka: "Naomba huduma ya PEP. Kondomu ilipasuka Ijumaa saa tano usiku, sasa ni saa ya 14." Taja aina ya tendo ilivyokuwa. Mvulana aliyelala na mvulana, sema hivyo. Dozi ni ileile, lakini vipimo vya magonjwa ya zinaa huchukuliwa sehemu tofauti. Mhudumu akianza mahubiri, mwache amalize, kisha urudie: "Naomba PEP, saa zinakwenda." Kusema hivyo si utovu wa adabu.

Umefanikiwa ikiwa: jalada limefunguliwa, na neno PEP limeandikwa ndani yake.

### Kama ulilazimishwa

Umetendewa uhalifu. Hukuusababisha kwa nguo, kwa pombe, wala kwa kukubali kwenda gheto la mtu.

Nenda hospitali kwanza. Fomu ya polisi ya PF3 ni ya kesi, na matibabu ya dharura hayapaswi kuingojea. Nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili ushahidi usiharibiwe na unyevu. Hospitali nyingi kubwa zina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, ustawi wa jamii na polisi hupatikana mahali pamoja. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Hili ni la wavulana pia. Na kama aliyekulazimisha ni mwenye kalamu ya maksi zako, rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ila hayo ni ya kesho. Leo ni kidonge.

## Hatua ya 6: Vipimo kabla ya kidonge

Utapimwa VVU hapohapo. Usiogope kipimo hiki. Hakihusu tukio la juzi. Kinatazama kama tayari ulikuwa na maambukizi ya zamani, kwa sababu mtu mwenye VVU huhitaji tiba kamili ya kudumu, si ya siku 28. Kikionyesha unavyo, siku hiyohiyo unaingizwa kwenye matibabu, na utasoma, utahitimu na kuzeeka kama wengine.

Vipimo vingine hutegemea kituo: homa ya ini B, kaswende, figo, mimba. Cha homa ya ini kina uzito wake. Dawa mbili zilizomo kwenye kidonge cha PEP hupambana pia na kirusi cha homa ya ini B, na mwenye homa hiyo akiziacha ghafla baada ya siku 28 ini linaweza kuchachamaa. Daktari akijua mapema anakupangia.

Kama kituo hakina vipimo vya figo au ini siku hiyo, dozi ya kwanza isisubiri majibu. Meza, majibu yatakuja.

Ni hapa pia pa kumalizia habari ya P2. P2 na kidonge cha PEP kinachotumika sasa havigombani. Meza vyote.

## Hatua ya 7: Kidonge cha kwanza, kisha siku 28

Kidonge cha kwanza meza hapohapo, mbele ya mhudumu. Usikifunge kwenye karatasi "nitameza nikifika".

Mara nyingi utapewa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ni kilekile wanachomeza watu wengi wanaoishi na VVU, ndiyo maana kopo lake linawatia watu hofu. Kimezwe saa ileile kila siku, na chakula au bila chakula.

Kwa nini 28 na si 7? Mwaka 1998 yalichapishwa majaribio ya nyani waliopewa kirusi cha jamii ya VVU kisha dawa. Walioanza saa 24 baadaye na kumaliza siku 28 walikingwa wote. Waliopewa siku 10 walikingwa nusu tu. Waliopewa siku tatu hakukingwa hata mmoja. Mwanafunzi anayeacha siku ya tisa kwa sababu "najisikia poa" ajue anasimama upande gani wa majaribio hayo.

Mambo yanayowaangusha watu katikati:

Usingizi. Dolutegravir huwakosesha wengine usingizi au kuwaletea ndoto nzito. Hamishia kumeza asubuhi. Kichefuchefu na kichwa kuuma wiki ya kwanza ni kawaida na hupungua. Meza baada ya kula.

Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu, na dawa za kiungulia. Madini yake hushikana na dolutegravir tumboni na kuzuia isiingie mwilini. Meza PEP saa mbili kabla ya hivyo, au saa sita baada yake. Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu au kifafa, mwambie daktari, kwani dozi inaweza kubadilishwa.

Kusahau. Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza mara moja na uendelee na ratiba yako. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Weka kengele mbili kwenye simu, na uzipe jina la kawaida kama "maji". Pombe haiharibu dawa hii moja kwa moja, lakini humlaza mtu hadi kengele ipite, na humrudisha kwenye tukio lilelile.

Kopo kulia. Kwenye chumba cha watu wanne, na wengine wawili wamebebana kitanda kimoja, sauti ya vidonge hufichua. Jaza pamba safi juu ya vidonge, kopo lisilie, ulifunge vizuri na kulitia ndani ya soksi kwenye begi. Usiliache dirishani juani. Akilikuta mwenzako na kusema "umekanyaga miwaya", yaani una VVU, huna deni la maelezo kwake. Ukitaka kujibu, sema kweli: ni dawa ya kuzuia.

UE (mitihani ya chuo), field (mafunzo kwa vitendo), likizo. Baadhi ya vituo hutoa vidonge nusu kwanza. Kama unasafiri, sema mapema upewe vyote, au uandikiwe barua ya kituo cha huko uendako.

Rudi hospitali haraka ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai nzito, upele ulioenea, au kutapika kusikokoma.

Umefanikiwa ikiwa: siku ya 28 kopo ni tupu na hukuwahi kuruka.

## Hatua ya 8: Jinsi ya kuishi hadi kipimo cha mwisho

Tumia kondomu kila mara hadi miezi mitatu ipite, hata na mpenzi wako wa siku zote. Kama kuna kirusi kilichoponyoka, ndiyo kipindi ambacho kingeruka kwenda kwa mwingine kwa urahisi zaidi.

Na usichangie damu. Nalisema kwa uzito kwa sababu kila msimu watu wa Damu Salama wanapokuja chuoni, kuna wanafunzi wanaopanga foleni ili wapimwe bure kimyakimya. Damu hupimwa, ndiyo, lakini aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupita kwenye kipimo. Mwishoni mwa mrija huo kuna mama aliyejifungua anatokwa damu. Kupima ni bure CTC. Nenda huko.

Homa, koo kuuma, tezi kuvimba na upele kati ya wiki ya pili na ya nne si lazima viwe VVU; vinaweza kuwa malaria, mafua au msongo wa UE. Usijipime kwa dalili, wala usikeshe mtandaoni. Rudi kituoni useme.

## Hatua ya 9: Vipimo vya kufunga jalada

Fuata tarehe za kwenye kadi yako. Kwa kawaida ni kipimo karibu na wiki ya sita, kisha cha miezi mitatu baada ya tukio. Cha wiki ya sita hutuliza moyo, cha miezi mitatu ndicho kinachofunga jalada. Dawa zinaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana, ndiyo sababu usijipime chumbani siku ya 30 na kujitangazia ushindi.

Kama utatumia kipimo cha kujipima cha mate: usile wala kunywa dakika 15 kabla, usipige mswaki dakika 30 kabla, pitisha kijiti mara moja tu fizi ya juu na mara moja ya chini, usome kati ya dakika 20 na 40. Mstari kwenye C peke yake, hakuna kingamwili. Mistari C na T, hata ule wa T ukiwa umefifia, nenda kituoni ukathibitishe. Hakuna mstari kwenye C, kipimo kimeharibika. Asiyekuwa na uhakika wa mikono yake apimwe na mhudumu.

Umefanikiwa ikiwa: miezi mitatu imetimia, na mhudumu amekusomea jibu la mwisho.

## Saa 72 zimeshapita?

Nenda hivyohivyo. PEP hutapewa, lakini utapimwa magonjwa ya zinaa, utapangiwa tarehe za vipimo, na kama ni suala la mimba bado kuna njia zinazofika hadi siku tano. Kumbuka pia zile namba za hatua ya 3: kuchelewa hakumaanishi umeambukizwa. Kuna watu niliowapokea saa ya 90 wakiwa wameshajiandikia hukumu ya kifo, na miezi mitatu baadaye wakatoka hawana. Na aliyetoka navyo naye alianza dawa mapema, mwili ukiwa bado na nguvu.

## Kwa nini ilipasuka

Ninapouliza, majibu ni yaleyale. Ilikaa kwenye pochi mfuko wa nyuma mwezi mzima ikichemka. Ilifunguliwa kwa meno. Walipaka mafuta ya nazi au losheni, na mafuta huila mpira ndani ya dakika chache. Tumia vilainishi vya maji pekee. Walivaa mbili, zikasuguana. Hawakubana chuchu ya mbele kutoa hewa. Au waliivaa kinyumenyume, wakaigeuza na kuendelea nayo, ilhali upande uliokuwa ndani umeshagusa majimaji. Itupe hiyo, chukua nyingine.

## Ikiwa si mara ya kwanza

Wako waliorudi kwangu mara ya pili na ya tatu muhula mmoja. Siwafukuzi. Ila PEP ni kamba ya kumwokolea aliyetumbukia. Mtu anayepita ukingoni kila wiki anahitaji uzio. Uzio huo ni PrEP, dawa inayomezwa kabla ya tukio na mtu asiye na VVU. Inawafaa wenye mpenzi asiyejua hali yake, wenye wapenzi zaidi ya mmoja, wanaotegemea mtu anayewalipia ada na kukataa kondomu, na yeyote anayejijua kwamba glasi tatu zikipita hakumbuki mfuko ulipo.

Unaweza kuunganisha bila pengo. Siku ya 28, ukiwa na kopo tupu mkononi, mwambie mhudumu: "Nimemaliza PEP. Naomba nipimwe, na kama sina, nianze PrEP leo."